Boga lililouzwa mara nne

Boga lilianzia elfu mbili. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, mwezi Juni, kwenye kanisa moja la kijijini wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Ibada ilikuwa imeisha na watu wamehamia nje, chini ya mwarobaini. Mezani palikuwa na madebe ya uwele na mtama, kuku wawili waliofungwa miguu, chupa za mafuta ya alizeti, trei la mayai na boga hilo, ambalo pale soko la Sabasaba ungelipata kwa elfu mbili au tatu bila kubishana sana. Mnadi, kijana wa kwaya mwenye sauti ya muuza mitumba, akalinyanyua kwa mikono miwili. Elfu tano. Elfu nane. Kumi. Likamwangukia baba mmoja kwa elfu kumi na mbili. Akatoa hela, akalipokea, kisha akasema neno ambalo kila aliyewahi kuhudhuria mnada wa kanisa analijua: "Narudisha."

Vigelegele. Likauzwa tena kwa elfu kumi na nane kwa mama mmoja wa kikundi cha wanawake, naye akarudisha. Mara ya tatu akajitokeza mtumishi wa serikali aliyekuja na gari kutoka mjini kusalimia kwao, akalipandisha hadi elfu arobaini kwa mkupuo mmoja, akarudisha. Watu wakashangilia. Lakini mimi niliyekuwa benchi la nyuma niliona na jambo jingine: mikono iliyokuwa ikinyooka tangu mwanzo ilishuka yote. Baada ya elfu arobaini, nani atataja elfu nne? Mnadi alihangaika karibu dakika tano kabla bibi mmoja hajalichukua kwa elfu kumi na tano. Huyo hakurudisha. Alilifunga kwenye kanga, akaondoka nalo.

Jumla shilingi elfu themanini na tano, kwa boga moja.

Mzee mmoja wa kanisa hilo, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeniingiza kwenye mada hii. Mwanawe anayesoma nje alimtumia makala kuhusu sayansi ya tabia na uchangishaji, yaani jinsi wataalamu wanavyopima, kwa majaribio, ni maneno gani, chombo gani na wakati gani humfanya mtu atoe zaidi. Kanisa lao lina kuta na halina paa. Wanasali chini ya turubai na mvua za Januari zinawajua kwa majina. "Sasa niambie wewe unayesoma mambo haya," aliniuliza. "Tukizitumia hizi mbinu, tutakuwa tunawasaidia watu kutoa, au tunawachomolea mifukoni?"

Nilimjibu kwamba wanazitumia siku nyingi, ila hawakujua kama zina majina. Boga lile peke yake ni darasa. Mchumi wa Marekani, James Andreoni, aliandika mwaka 1990 kwamba mtu anapotoa hununua pia raha fulani ya moyoni, ule utamu wa kuwa na yeye ametoa, na raha hiyo ni yake hata kama paa lingejengwa na mwingine. Ndiyo maana boga linauzwa mara nne na hakuna anayejiona kapunjwa: walionunua hawakuwa na shida ya boga. Mama wa pili alirudisha kwa sababu wa kwanza amerudisha. Tukiwa hatuna uhakika la kufanya, tunamtazama jirani. Na ile elfu arobaini? Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionesha mwaka 1974 kwamba namba ya kwanza kuingia kichwani huvuta hesabu zote zinazofuata, kama nanga. Vitabu vya uchangishaji hupenda nanga kubwa kwa sababu inapandisha viwango. Chini ya mwarobaini niliona upande wake wa pili: iliwanyamazisha wenye kidogo.

Kuna jaribio la zamani linalofundisha kinyume cha nanga. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na mwenzake David Schroeder walituma watu kupita nyumba kwa nyumba huko Marekani kuchangisha fedha za vita dhidi ya saratani. Kwa wengine waliomba kawaida. Kwa wengine waliongeza sentensi moja tu, kwamba hata senti moja itasaidia. Waliotoa wakapanda kutoka kama 29 kati ya 100 hadi 50, na kiasi alichotoa kila mmoja hakikushuka. Sentensi ile haikumlazimisha mtu. Ilimwondolea tu kisingizio, na aibu pia, kwamba alicho nacho ni kidogo mno. Mnadi wetu angesema "hata mia mbili tunapokea" pale kimya kilipoanza, sidhani kama angesota dakika tano.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya kuletewa na wazungu wa vyuo vikuu. Wafungue barua za Paulo. Katika 1 Wakorintho 16 anawaagiza kila mtu atenge kitu chake siku ya kwanza ya juma, ili michango isianze kufanywa yeye akishafika. Hiyo ni ahadi ya mapema na utaratibu wa kidogo kidogo, mbinu ambayo leo ina maprofesa wake. Katika 2 Wakorintho 8 anawasimulia jinsi Wamakedonia walivyotoa wakiwa maskini. Sura ya 9 anakiri kwamba kwa Wamakedonia nako alikuwa akijisifia Wakorintho hawa hawa, na anawaonya wasije wakamwaibisha. Mfano wa jirani, ushindani, kidogo cha aibu: vyote vimo. Na mistari michache tu mbele anaandika kwamba kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Mvutano wote ninaoujadili hapa umo ndani ya sura moja, na Paulo hakuutatua. Aliachia pande zote mbili zisimame.

Tuanze na upande unaotetea mbinu, kwa sababu kwenye mijadala ya mitandaoni hunyimwa haki. Kanisa la kijijini halina ruzuku. Mshahara wa mchungaji, mabati, saruji, nauli ya mwinjilisti, vyote vinatoka kwenye mifuko ya watu ambao wengi wao huuza debe la alizeti ndipo wapate sabuni. Ukiacha kila mtu atoe anapojisikia, wengi wenye nia njema watasahau, au watasema Jumapili ijayo. Kusahau si uchoyo, na kukumbushwa si kunyang'anywa.

Hapo ndipo ninapouona mchango bora wa sayansi hii kwa Dodoma. Mwaka 2004 mchumi Richard Thaler, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, pamoja na Shlomo Benartzi walieleza mpango wa akiba ambapo mfanyakazi hakuambiwa aongeze akiba leo. Aliahidi kuongeza siku mshahara utakapopanda. Katika kampuni ya kwanza walikoujaribu, waliojiunga walitoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40, kwa hiari yao, na mlango wa kujitoa ukiwa wazi. Magharibi mwa Kenya nako, mchumi Esther Duflo na wenzake walikuta kwamba kumfuata mkulima mara tu baada ya mavuno na kumpa nafasi ya kununua mbolea mapema, kwa motisha ndogo ya kuletewa bure, kulifanya kazi karibu sawa na kumpunguzia bei kwa nusu baadaye. Hela ya mkulima ina msimu wake. Ukimkuta nje ya msimu, hata nia yake huioni.

Sasa tazama kalenda zetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Januari hadi Machi ghala la Mgogo linapumua kwa shida, uwele uko shambani bado unachungwa ndege. Na ni Januari hiyo hiyo makanisa mengi yanapogawa bahasha za malimbuko na kadi za ahadi za mwaka! Kwa mtumishi wa wizara ni mwezi wa ada za shule, kwa mkulima ni mwezi wa kukopa. Mtu anaandika ahadi kwa haya, halafu anaishi nayo kama deni. Kumbe ingetosha kumwomba aahidi Januari na tarehe ya kulipa iwe Juni, au kwa wenye zabibu ifuate mavuno yao, maana mzabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hakuna aliyedanganywa hapo, hakuna aliyeaibishwa. Ni kuheshimu tu kwamba tumbo lina kalenda.

Harambee nazo zina la kujifunza. Wachumi John List na David Lucking-Reiley, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, walituma barua za kuchangia kompyuta za chuo kimoja Florida. Wapokeaji walioambiwa kwamba asilimia 67 ya fedha imeshapatikana walichangia karibu mara sita ya walioambiwa asilimia 10. Watu wanapenda kumalizia kuliko kuanza. Na Dean Karlan na List huyo huyo mwaka 2007 walikuta kwamba mfadhili akiahidi kuongeza shilingi juu ya kila shilingi, michango hupanda. Akiahidi mbili au tatu juu ya moja, haipandi zaidi ya hapo. Mgeni rasmi wa harambee yenu anaweza kupumzisha mbwembwe kidogo.

Utetezi mwingine sikuusoma popote, niliuona kijijini. Lile zoezi la kusoma majina na viwango mbele ya usharika, ambalo watu wa mjini tunalikunjia uso, lina kazi ambayo hatuioni. Mhazini ana daftari moja la kaunta, hana stakabadhi. Mama aliyemkabidhi elfu kumi njiani kisimani atajuaje imefika? Anajua siku jina lake linaposomwa. Kusomwa ndiyo risiti yake, na usharika mzima ni mkaguzi. Ukifuta usomaji kwa ajili ya staha, umemwondolea mwenye kidogo kinga yake dhidi ya mhazini. Nilipolielewa hili nilipunguza ukali wa maneno niliyokuwa nimeyaandaa.

Ila yapo mengine, na hayo sikuyapunguza.

Niliwahi kukaa kwenye ibada moja mjini, sitaitaja. Mhubiri alisimamisha watu kwa ngazi: wenye laki mbele, kisha wenye hamsini, ishirini, kumi, tano. Kila ngazi ilipoinuka, waliobaki kwenye viti walionekana zaidi. Kijana wa bodaboda pembeni yangu alininong'oneza nimkopeshe elfu tano. Nikampa, akaenda nayo mbele, akawekewa mikono. Alinirudishia Jumanne kwa simu, akiwa ameongeza na ya kutolea. Tangu siku ile najiuliza ile sadaka ilikuwa ya nani. Moyoni hakuwa amekusudia kitu. Alikusudia kutobaki kwenye kiti.

Wachumi wamejaribu kuipima tofauti hiyo. Stefano DellaVigna, John List na Ulrike Malmendier, katika utafiti wa mwaka 2012 uliofanyika maeneo ya Chicago, waliweka vipeperushi milangoni kuwaarifu watu kwamba kesho mchangishaji atapita saa fulani. Nyumba zilizofungua mlango zilipungua kwa asilimia 9 hadi 25. Kipeperushi kilipokuwa na kisanduku cha kuweka alama ya "msinisumbue", michango ilishuka kwa asilimia 28 hadi 42, na iliyopotea zaidi ilikuwa ile midogo midogo. Maana yake sehemu kubwa ya hela ndogo iliyokuwa ikipatikana mlangoni ilikuwa bei ya kuepuka aibu ya kumkatalia mtu usoni. Huku kwetu hatuna vipeperushi, lakini tuna kikohozi cha ghafla asubuhi ya Jumapili ya ahadi.

Na nguvu ya macho ya watu huchoka upesi kuliko tunavyodhani. Adriaan Soetevent alifanya jaribio kwenye makanisa 30 ya Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2005. Kwa baadhi ya Jumapili walipitisha mifuko iliyofunikwa, kwa nyingine vikapu vya wazi ambavyo jirani huona umeweka nini. Sadaka ya pili, ile ya kusaidia mambo ya nje ya kanisa, ilipanda kama asilimia 10 mwanzoni, na watu wakawa wanachagua sarafu kubwa zaidi. Baadaye ongezeko likayeyuka. Sadaka ya kwanza, ya kanisa lenyewe, haikutikisika tangu mwanzo. Nadhani hapo pana fumbo zuri: kwa kanisa lao watu walishaamua nyumbani watatoa nini, na chombo cha kukusanyia hakikuwa na la kuwaambia.

Dodoma ina ugumu wake wa ziada. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, mabenchi yetu yamechanganyika. Mkurugenzi msaidizi kakaa na muuza karanga, wanaimba kitabu kimoja, bahasha zao zinaingia kikapu kimoja. Ni jambo zuri sana, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini mbinu za kulinganisha watu ziliundwa kwa dhana kwamba wanaolinganishwa wanakaribiana. Ukitangaza wastani wa ahadi kwenye usharika wa namna hii, umemtajia muuza karanga mshahara wa mwenzake na kumwambia aufikie.

Halafu kuna woga wa kaburi. Emmanuelle Auriol na wenzake, kwenye utafiti uliotoka mwaka 2020, waliwapa baadhi ya waumini wa Assemblies of God jijini Accra bima ya mazishi bila malipo. Waliopata bima wakapunguza walichotoa kanisani. Wengine wanausoma utafiti huo kama kashfa. Mimi nausoma kama maelezo. Sehemu ya sadaka ni mchango wa usalama: nikiugua watakuja, nikifa nitazikwa na watu. Jumuiya zetu zinafanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa kuliko kampuni nyingi za bima. Ila siku kiongozi anapoukumbusha usharika, hata kwa utani, kwamba asiye na kadi iliyolipwa asishangae akikosa mazishi, ameshika mahali panapouma na kupabonyeza. Kila msibani nimesikia watu wakiuzungumzia utani huo, na sijamwona hata mmoja aliyecheka.

Kuhusu "panda mbegu uvune mara mia", nitasema kwa kifupi. Kahneman na Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba tunaupa uwezekano mdogo uzito kuliko unaostahili. Hilo ndilo linalouza bahati nasibu. Ukiongeza shuhuda, hesabu inaharibika kabisa, kwa sababu anayeshika kipaza sauti ni yule aliyepata kiwanja baada ya kutoa. Ambaye mbegu yake ilioza amekaa kimya, au amehama kanisa. Mkulima wa Kongwa anajua mvua ikikatika Februari mbegu hufa hata ukiipanda kwa machozi. Mwambie hivyo madhabahuni pia.

Basi mstari niuchore wapi? Kipimo changu ni hiki: ieleze mbinu yako mbele ya wale unaoitumia kwao, kwa sauti, kisha uone kama bado inafanya kazi na kama bado wanaikubali. Mnada wa boga unapita bila shida, kila mtu anajua bei ya boga. Ahadi ya kulipwa msimu wa mavuno inapita. "Hata mia mbili tunapokea" inapita. Ngazi za laki hadi tano zinakwama, maana hakuna mhubiri atakayethubutu kusema wazi, "Nawasimamisha ili waliobaki waone haya." Utani wa kaburi haufiki hata mlangoni. Kipimo hiki hakikamati kila kitu, najua. Kuna watu watakaokubali kuaibishwa kwa sababu wamezoea.

Lililonishinda ni lile la majina. Nilimpendekezea mzee wasome namba za bahasha badala yake: kila mtu anajua ya kwake, risiti inabaki, jirani hajui. Nilijiona nimemaliza kazi. Mzee akafikiri, akatikisa kichwa. "Namba haipigiwi vigelegele," akasema. Kwamba yule mama mwenye elfu kumi anasubiri mwaka mzima jina lake litajwe mara moja mbele za watu, na mimi nataka kumgeuza kuwa 47. Sikuwa na jibu. Wamekubaliana watajaribu: mwenye kutaka jina, jina, mwenye kutaka namba, namba. Nina wasiwasi kwamba hapo atakayechagua namba ataonekana ana la kuficha, na nilimwambia hivyo.

Tulipokuwa tunaagana nilimuuliza habari za yule bibi, kwa nini peke yake hakurudisha boga. Mzee akacheka. Boga lilikuwa lake mwenyewe. Ndiye aliyelileta asubuhi, kutoka shambani kwake. Alipoona baada ya ile elfu arobaini hakuna anayelitaka, akaona haya boga lake libaki mezani peke yake, akalikomboa.

Na hiyo elfu kumi na tano? Mzee hakujua aliitoa wapi.